Tunayeyusha betri uani na watoto wanacheza hapo hapo: yaliyotukuta nyumbani (uzi mrefu kidogo)

MtuWaMwambao (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu. Huu uzi nimeuandika mara mbili nikaufuta, leo nautoa ulivyo, mtanisamehe kwa urefu.

Mimi niko Tanga, kazi yangu umeme wa magari, nachaji betri na kufufua zile zinazofufuka. Zile za kufa kabisa nlikua namuuzia shemeji yangu, mume wa dada, yeye anatengeneza chubwi, vile vizito vya kuzamisha nyavu. Watu wa pwani mnajua, jarife (wavu) bila risasi, ile metali nzito siyo ya bunduki, kwenye kamba ya chini linaelea tu, na chubwi zinapotea kila siku zikinasa kwenye mwamba, kwaiyo mteja hakosekani.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Betri anaipasua kwa shoka, yale maji makali anamwaga kwenye shimo nyuma ya choo, sahani anazitoa anazigonga gonga kwenye jiwe mpaka ule unga mweusi na wa kahawia udondoke wote, vile vyavu vya risasi vinavyobaki vinaingia kwenye karai kuukuu juu ya mafiga, mkaa na vipande vya tairi kuongeza moto. Risasi haisumbui kuyeyuka, nyuzi 327 tu imeshakua kama uji wa fedha, juu inafanya ukoko anaukwangua na upawa anautupa pembeni, halafu anamimina kwenye kalibu ya udongo. Zikipoa anazigonga chubwi zinatoka, watoto ndo wanaziokota na kuzihesabu kumi kumi. Hatua kama sita kutoka kwenye mafiga ndo penye mkeka wa dada wa kupetea mchele, na kasha za betri zilizosuuzwa ndo kuku wanakunywea maji.

Mtoto wao wa tatu hajafika miaka mitatu. Alianza na tumbo, choo hapati siku nne tano, viganja vikawa vyeupe, chakula hataki ila udongo anakula. Tulianzia dawa za minyoo, ikaja malaria, ikaja taifodi, akapewa na za kuongeza damu. Katikati ya hayo maneno yakaanza kumpotea, alikua anasema "mama maji" vizuri kabisa, akarudi kuonyesha kidole kwenye mtungi. Siku alipopata degedege tukakimbia naye hospitali kubwa, na pale kulikua na daktari kijana akauliza swali ambalo miezi yote ile hakuna aliyeliuliza: baba yake anafanya kazi gani?

Damu ikachukuliwa ikasafirishwa, siku kumi na mbili majibu yakarudi, risasi kwenye damu 74 (maikrogramu kwa desilita). Kaka zake wawili nao wakapimwa, wa kwanza 39, wa pili 33. Dada ana mimba ya miezi mitano, na yeye ana 28.

Mtoto amepata dawa, amerudi ila hajarudi wote. Sasa niko hapa kwa sababu betri zile niliziuza mimi. Nataka nielewe, na nataka wengine wanaofanya hii kazi wasome.

Fundi_N70

Pole sana mkuu. Nimesoma hapa nimesimama kazi.

Ila nina swali la dhati. Mimi nimeyeyusha risasi tangu 2003, naunga terminali za betri kila siku, moshi wa pale hata haunuki sana, na sijawahi kuumwa cha kulazwa. Huenda mtoto alikunywa yale maji ya betri?

MtuWaMwambao

Fundi, hata mimi nilimuuliza daktari hivyo hivyo. Akaniambia angekunywa yale maji angeungua mdomo na koo siku hiyo hiyo, ni asidi ya salfuriki ile. Hii imeingia kidogo kidogo kwa miezi, kupitia mikono.

Labu_Tek

Nimefanya maabara miaka mingi, niruhusuni niingie hapa.

Fundi_N70, wewe ni mtu mzima, risasi ukiimeza tumbo lako linachukua kama asilimia 10 tu, nyingine inatoka. Mtoto mdogo tumbo lake linachukua asilimia 40 mpaka 50. Akiwa hajala au ana upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu ndo anafyonza zaidi, na watoto wa namna hiyo mtaani kwetu ni wengi. Halafu mtoto yuko chini, anatambaa, anaokota, kila kitu mdomoni. Wewe na yeye mkikaa uani saa moja hamjala sumu sawa, na ubongo wake ndo kwanza unajengwa.

Kingine, kusema hujawahi kulazwa hakumaanishi haimo. Mwili unaidhania risasi kuwa ni kalsiamu, kwaiyo unaipeleka kwenye mifupa kuiweka akiba. Kwenye damu inakaa kama mwezi hivi inapungua nusu, ila kwenye mfupa inakaa miaka kwa miaka, ishirini na kuendelea. Presha ya kupanda, figo, kuchoka, kusahau, nguvu za kiume kushuka, vidole kufa ganzi, haya mtu anasema ni umri. Pima presha yako wiki hii, nakuomba.

Na kwa dada mwenye mimba: mimba inahitaji kalsiamu ya kujenga mifupa ya mtoto, mwili unaenda kuichota kwenye mifupa ya mama, risasi ya miaka yote inatoka pamoja nayo na kondo la nyuma haliizuii. Aambiwe kliniki, wamwandikie kalsiamu na madini ya chuma, na aondoke hapo nyumbani leo, asisubiri kesho.

Mwana_Jomvu

Nawasalimu kutoka Mombasa. Hili jambo sisi twalijua kwa majina ya watu.

Owino Uhuru iko hapa Mikindani, mtaa wa watu kama elfu tatu hivi, nyumba za udongo na mabati. 2007 kikafunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri, ukuta wake na nyumba za watu ni kitu kimoja, mtu waweza kuegemea ukuta wa kiwanda ukiwa jikoni kwako. Moshi ulikua watoka usiku, maji machafu yapita kwenye vichochoro watoto wakikanyaga, mabati yakaanza kutoboka kama yameliwa, na maji ya mvua ya hayo mabati ndiyo watu wakinga kwenye mapipa. Kuku walikufa kwanza. Halafu mimba zikawa zaharibika, nyumba hii, nyumba ile, watu wasema ni kijicho.

2009 Phyllis Omido aliajiriwa pale kushughulikia uhusiano na jamii, naye alikua anyonyesha. Mtoto akaugua, wakatafuta malaria wakatafuta taifodi kama huyo wako, mwisho wakaikuta risasi. Aliacha kazi akaanza kupiga kelele, akakamatwa, akavamiwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka uliofuata akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na 2023 tuzo nyingine ya kimataifa, ya Right Livelihood.

Kesi nayo ndugu yangu ni safari. Julai 2020 mahakama ya mazingira Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na milioni 700 za kusafisha udongo kama serikali haitausafisha yenyewe. 2023 rufaa ikaipindua fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe toka 2007. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofunguliwa alikua keshafika miaka kumi na saba.

Mwambie dada yako hii si kurogwa na si uzembe wake. Wamama huku wamebeba hiyo lawama miaka mingi bure.

MtuWaMwambao

Mwana_Jomvu asante. Hiyo sentensi ya mwisho nimemsomea dada kwa simu. Amekaa kimya muda, akaniambia nisome tena.

Tanuru_Kubwa

Mimi nimefanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri miaka minne, sikitaji. Naona watu wanafikiri tofauti ya kiwanda na uani ni ukubwa, ngoja nieleze kazi inavyotakiwa iende.

Betri ya gari zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Sehemu moja ni metali yenyewe, yale matundu matundu ya sahani na nguzo za terminali. Sehemu nyingine, tena ndo kubwa kidogo, ni ule unga uliopakwa kwenye sahani, oksidi na salfeti ya risasi. Sasa unga huo hauyeyuki kwenye karai hata ukoleze moto vipi, kwa sababu haujawa metali. Ili uwe metali lazima uunyang'anye oksijeni na salfa. Kiwandani tunaweka kwenye tanuru linalozunguka, tunachanganya na makaa ya koka (makaa ya mawe yaliyochomwa), magadi, na chuma chakavu kilichosagwa, moto unafika nyuzi elfu moja na zaidi. Makaa yanachukua oksijeni, magadi na chuma vinakamata salfa, risasi inashuka chini, juu yanabaki mavi ya chuma, yaani ule uchafu wa tanuru. Tunafungua tundu la chini inatiririka, inaenda kusafishwa kwenye masufuria makubwa, mwisho inamiminwa inakua mikuo, kama matofali ya risasi.

Kwaiyo shemeji wa mleta uzi anapogonga sahani kwenye jiwe, ule unga anaoudondosha ni kama nusu ya risasi yote ya betri, na ndo ulio laini kuliko vyote, unapeperuka, unashika kwenye kucha, kwenye mkeka, kwenye mchele. Anaibakisha sumu nyumbani anauza kilicho salama zaidi. Nilipoelewa hilo nilisikitika sana maana kwetu mtaani nimeona likifanyika toka utoto.

Hata hayo matanuru yenye leseni si mambo ya kulala usingizi. Moshi wa tanuru unapita kwenye mamia ya mifuko ya kitambaa inayochuja vumbi, baadae unaoshwa kwa maji ya magadi kutoa gesi ya salfa. Mifuko ikijaa au ikichanika na hakuna ya kubadilisha, kuna njia ya pembeni inafunguliwa moshi unaenda moja kwa moja bombani. Kwetu hiyo njia ilikua inafunguliwa usiku. Mavi ya chuma nayo yana risasi bado, na ya magadi yakinyeshewa yanamomonyoka yanakua tope, kwetu yalirundikwa nyuma ya uzio na mvua ilikua inayapeleka bondeni kwenye mchicha wa watu.

Tulikua tunapewa maziwa paketi moja kila zamu. Wanasema yanaosha kifua.

Mama_Wawili

Hapo kwenye maziwa naomba ufafanuzi, maana mume wangu anafanya kazi ya namna hii na anakunywa nusu lita kila siku kwa imani kabisa.

Labu_Tek

Maziwa hayaoshi risasi. Mtu aliyeshiba na mwenye kalsiamu ya kutosha tumbo lake linafyonza risasi kidogo kuliko mwenye njaa, hapo maziwa yana kazi, ila ni kama chakula kingine chochote. Iliyoingia kwa njia ya mapafu haijui habari ya maziwa, na moshi wa risasi ni chembe ndogo sana zinaenda mpaka mwisho wa pafu zinaingia kwenye damu karibu zote. Barakoa ya kitambaa au zile za kovid hazizuii. Zinatakiwa zile za mpira zenye chujio mbili pembeni, na chujio zibadilishwe.

Mama_Wawili swali langu kwako: mumeo nguo za kazi anavulia wapi?

Mama_Wawili

Anakuja nazo. Anamnyanyua mtoto mlangoni kwanza, mtoto anamsubiri pale pale.

Nimeandika hii sentensi nimetetemeka.

Labu_Tek

Usitetemeke dada, leo unaanza. Nguo na viatu vya kazi vibaki kazini. Kama hakuna pa kuachia, avulie nje, ziingie kwenye mfuko, aoge na kunawa nywele ndo amshike mtoto. Zifuliwe peke yake, beseni lake, maji yasimwagwe wanapocheza. Ndani usifagie kwa fagio kavu, fagio linanyanyua vumbi halafu linatua upya kwenye godoro na vyombo, tumia tambara bichi na sabuni. Mikono ya mtoto kabla ya kula na kabla ya kulala, kucha fupi.

Na mtoto apimwe damu ya mshipa, siyo ya kidole, maana kidole chenye vumbi la risasi kinadanganya kipimo. Shirika la Afya Duniani mwongozo wake wa 2021 unasema ikifika 5 tafuteni inakotoka muikate, na kwa mtoto ikifika 45 ndo mambo ya dawa za kunasa risasi yanaanza. Ila msishike hizo namba kama mstari wa usalama, kiwango salama hakijulikani kuwepo.

Skrepa_Boy

Wakuu mimi nanunua chuma chakavu na betri, naomba nisitukanwe nataka kusema ukweli wa biashara. Kwa nini maji ya betri yanamwagwa? Kwa sababu betri inauzwa kwa kilo, na mnunuzi wa juu anakata uzito wa maji au hataki kabisa kupakia yenye maji maana yanamharibia gari. Kwaiyo kijana anatoboa anamwaga pale pale, kilo zinahesabiwa bila ugomvi. Na yule mwenye kuyeyusha kidogo nyumbani ananilipa zaidi kidogo na analipa taslimu jioni ile ile. Sikua najua yale maji yana risasi ndani, nilijua ni asidi tu inaua nyasi.

Tanuru_Kubwa

Yana risasi, iliyoyeyuka kidogo na ule unga uliozama chini, ukimwaga mwisho mwisho unaona maji ya kijivu. Betri nzima isiyotobolewa, iliyosimama wima kwenye gari, haimpi mtu sumu ya risasi. Hatari ya risasi inaanza pale shoka linapoingia. Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa taka hatarishi, unazihesabu betri hizi kuwa taka hatarishi hata kuzisafirisha kuvuka mpaka ni kwa kibali. Wanunuzi wenye leseni wapo, mbane mnunuzi wako wa juu achukue na maji yake.

Kijana_wa_Mgodi

Hii si ya betri peke yake. Nimekaa Zambia upande wa Kabwe kwa kazi. Pale ilikua migodi ya risasi na zinki na tanuru lake, toka mwanzo wa karne iliyopita mpaka 1994. Jiwe linachimbwa, linachomwa kutoa salfa, linaingia tanuruni na koka, ni yale yale. Miaka zaidi ya 30 tanuru limezimwa, watoto wa mitaa iliyokaribu waliozaliwa juzi damu yao bado ina risasi, kwa sababu vumbi la zamani liko pale pale. Haiozi hii kitu, haina cha kuoza kuwa kitu kingine.

Mwana_Jomvu

Na Dakar, Senegal, mtaa wa Thiaroye-sur-Mer. Huko walikua wamezoea kuvunja betri mtaani, udongo ukajaa. Bei ya risasi ikapanda, kina mama wakaanza kuuchimba ule udongo, wapepeta nyumbani kupata vipande vya kuuza kama mtu apepetavyo mchele. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Nikisoma habari ya ule mkeka wa dada yako nimewaona wao.

MtuWaMwambao

Narudi wakuu, nilikua njiani.

Shemeji amesoma uzi wote. Nilimpa simu nikakaa kando. Alikua mkali mwanzoni, akasema hizi chubwi ndo zimewasomesha hao watoto, na ni kweli, mimi siwezi kumwambia acha halafu nikaondoka. Tumekubaliana hivi: betri zangu mbovu anakuja kuzibeba nzima na maji yake, anazikusanya na za mafundi wengine watatu, anaziuza kwa mnunuzi mwenye leseni. Faida ni ndogo kuliko chubwi, tumeipiga hesabu. Nyavu anaendelea kuzishona na kuzitengeneza, mkono wake ni mzuri, chubwi atanunua zilizokwisha tengenezwa.

Dada na watoto wako kwa bibi yao Muheza. Kaka wawili wanapimwa tena mwezi ujao. Yule mdogo kipimo cha pili kimesoma 41. Daktari alisema kitapanda tena kidogo hata bila kugusa kitu, mifupa inarudisha, tusiogope ila tusiache kliniki.

Shida sasa ni ule uwanja. Tufanyeje? Shemeji alitaka akwangue udongo akautupe pwani.

Tanuru_Kubwa

Pwani hapana mkuu, atakua amewahamishia wengine. Na kuukwangua mkavu ndo kula vumbi upya. Anzeni kwa kuripoti ofisi ya mazingira ya halmashauri au NEMC (wasimamizi wa mazingira wa taifa) waje wapime, msije mkakaa na hofu ya kushtakiwa mkaacha watoto wakarudi pale. Kabla hawajafika, lowesheni maji taratibu, ule ukoko na unga ulio juu ukusanywe ukiwa umelowa uwekwe kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko, penye mafiga na pa kugongea sahani pafunikwe na turubai kisha kifusi safi, na ikiwezekana zege. Kuku msiwale na mayai yao pia. Mboga za uani ng'oeni.

Fundi_N70

Nimepima presha. 160 kwa 100. Naenda kupima na damu Ijumaa. Asante Labu_Tek.

Kalibu_Tatu

Nimejiunga leo kwa ajili ya huu uzi. Niko pwani ya kusini, nina kalibu tatu za chubwi, kazi nimeikuta kwa baba. Nimeelewa yote, kesho sitawasha. Nina swali moja tu. Karai ninaloyeyushia, siku ambazo siyeyushi mke wangu hulisugua na kulowekea nepi za mtoto. Limechakaa ila ni la chuma kizuri, kuna jamaa wa kutengeneza sufuria alishaliulizia. Nilipeleke wapi?

MtuWaMwambao

Ndugu yangu, kwa mtu wa sufuria usilipeleke, risasi itaingia kwenye ugali wa watu wengine. Lifunge kwenye mifuko miwili ya salfeti, pamoja na upawa na kalibu, liondoke siku moja na betri kwa mnunuzi mwenye leseni na umwambie lilikua la nini. Nepi zote zifuliwe upya kwenye beseni lingine ambalo halijawahi kukaa uani. Mtoto ana miezi mingapi? Mpeleke akapimwe damu hata kama anacheka na kunyonya vizuri, na mkeo naye. Nitumie ujumbe pembeni nikupe njia tuliyopita sisi kupata kipimo, usiku huu niko macho.